Kiasi si Kufunga Mdomo

Leo hatuzunguki mbuyu. Kuna neno moja la Biblia limechukuliwa mbele ya macho yetu likabadilishwa kazi, na sisi tunataka kulirudisha mahali pake. Neno lenyewe ni kiasi.

Hapa Nakivale tunalisikia kila juma. Liko kwenye ibada ya asubuhi, liko kwenye makesha, liko kwenye semina ya vijana, hata kwenye mafunzo ya mashirika liko, ila huko linavalishwa nguo nyingine na kuitwa stadi za maisha. Kijana akiuliza kwa nini jina la mama yake limetoka kwenye orodha, anaambiwa awe na kiasi. Msichana akisema kuna mtu anamsumbua kwenye bomba la maji, anaambiwa avae kwa kiasi. Watu wakikaa juani toka asubuhi mpaka saa tisa halafu wakaambiwa rudini kesho, yule wa kwanza kupandisha sauti anaambiwa hana tunda la Roho. Yaani kiasi kimekuwa kufuli. Na kufuli hilo, angalieni vizuri, kila siku liko kwenye mdomo wa mtu mdogo.

Tangu Julai 2023 kufuli hilo limepata kazi zaidi. Ndipo WFP, kwa kukosa fedha, ilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: walio dhaifu kabisa wapate asilimia 60 ya mgao, kundi la katikati lipate asilimia 30, na wanaohesabiwa kwamba wanajiweza wasipate kitu. Mwaka 2025 mambo yakazidi, watu karibu milioni moja nchi nzima wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Hatuandiki haya kumlaumu dereva wa lori wala karani wa mezani. Tunaandika ili mjue neno la kiasi linahubiriwa juu ya tumbo la namna gani. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunaongeza: mwenye shibe ndiye anayependa sana kumhubiria mwenye njaa habari ya kiasi.

Msimamo wetu ni huu. Kiasi ni nguvu ya mtu kujitawala ili aweze kutenda haki. Sisi tusio na kitu tunakihitaji, na mwenye kalamu na orodha anakihitaji kuliko sisi. Anayetufundisha sisi na kumwacha yule, amefundisha nusu. Na nusu ya ukweli, kambini, inaumiza watu.

Tuanze na maana yake

Katika Wagalatia 5 Paulo anataja mambo tisa yaliyo tunda la Roho, na kiasi ni la mwisho. Neno la Kigiriki alilotumia ni enkrateia, na ndani yake kuna kratos, yaani nguvu, utawala. Mtu mwenye enkrateia ni mtu aliyeshika usukani wa nafsi yake. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, Paulo anaweka moyo wa kiasi karibu kabisa na nguvu na upendo, na anaviweka vyote upande wa pili wa woga. Mwoga na mwenye kiasi wanaweza kunyamaza pamoja kwenye foleni moja, lakini hawanyamazi kwa sababu moja.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwenye kiasi ni mtu asiyetaka kitu, asiyekasirika, asiyeuliza. Jamani, huyo amechoka. Tunawajua vijana wa namna hiyo, tuko nao kwenye vijiji vyetu. Anakaa mlangoni toka jua linachomoza mpaka linazama, hasemi, hachezi mpira, hali vizuri. Wamama wakipita wanasema, huyu mtoto ametulia, ana kiasi kabisa. Kumbe mtoto ameisha ndani. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza, na pengine anahitaji kufikishwa kwa mshauri nasaha leo leo. Kumpa sifa ya utakatifu ni kumwacha azame.

Fikirieni pikipiki. Boda anayeshuka mlima na abiria wawili na gunia la mahindi anahitaji breki. Lakini hakuna fundi anayehangaika kufunga breki nzuri kwenye pikipiki isiyo na injini. Breki ipo kwa sababu safari ipo. Paulo naye, anapowaandikia Wakorintho, anachukua mfano wa wanariadha wanaojinyima mengi, na anasema wazi wanajinyima kwa sababu kuna taji mbele yao. Basi mkituambia tujizuie, tuambieni na mbio zenyewe zinaelekea wapi. Kijana aliyemaliza sekondari, hana kazi, hana karo ya chuo, hana shamba, kumwambia ajizuie bila kumwonyesha njia ni kumfungia breki na kumnyang'anya injini.

Mfungwa aliyemhubiria gavana

Kuna sura moja ambayo wanaohubiri kiasi huku kambini wanaipita haraka sana. Ni Matendo ya Mitume 24. Paulo yuko kifungoni Kaisaria. Mwenye madaraka ni Feliki, gavana wa Kirumi. Siku moja Feliki anakuja na mke wake Drusila, wanamwita mfungwa awaeleze habari za imani. Paulo anachagua mada tatu: haki, kiasi, na hukumu inayokuja.

Angalieni nani anamwambia nani. Aliyefungwa minyororo ndiye anayehubiri kiasi, na aliyekaa kwenye kiti ndiye anayehubiriwa. Tena aliyaweka maneno hayo pamoja na haki na hukumu, kwa hiyo Feliki hakuweza kuchukua moja la kupendeza na kuliacha lingine. Mwanahistoria Yosefo aliandika kwamba Drusila alikuwa mke wa mfalme wa Emesa, akamwacha mume wake akaolewa na Feliki. Basi kiasi lilikuwa neno la nyumbani kwake kabisa. Na Luka anatuambia Feliki alikuwa anatumaini Paulo atampa pesa. Alimwita mara kwa mara, waongee, akingoja bahasha. Miaka miwili ikapita. Alipobadilishwa kazini akamwacha Paulo gerezani ili kuwapendeza wakubwa wa pale.

Si tunaijua hii hadithi? Njoo kesho. Njoo wiki ijayo. Faili yako ipo, tunaifanyia kazi. Na jicho linaangalia mfuko wako.

Sasa mtazameni Paulo. Kiasi chake kilikuwa wapi? Kwanza, hakutoa rushwa, ingawa mlango ungefunguka. Pili, hakunyamaza mbele ya Feliki, alisema mpaka gavana akaogopa akamwambia aende zake kwa sasa. Tatu, hakuvunja gereza wala kumtukana mtu. Nne, alipokuja gavana mpya, Festo, akataka kumpeleka Yerusalemu, Paulo alidai haki yake ya kisheria, akakata rufaa kwa Kaisari. Haya yote yalifanywa na mtu mmoja mwenye kiasi. Kwa hiyo anayesema kwamba kijana mwenye kiasi hapeleki malalamiko, hakati rufaa, haulizi jina lake limekwenda wapi, huyo aturudishie kwanza Matendo 24 na 25.

Mkate wa nani?

Mhubiri mwingine atatuambia, Yesu mwenyewe alikaa na njaa siku arobaini, na alipojaribiwa ageuze mawe kuwa mkate alikataa, nanyi vumilieni. Ni kweli alikataa. Lakini endeleeni kusoma, msifunge kitabu hapo. Katika Marko 6 Yesu huyohuyo yuko na umati mahali pasipo na watu, jioni imeingia, wana njaa. Wanafunzi ndio wanaotoa ushauri wa kuwaondoa: waende vijijini wakajitafutie. Leo tungesema wanajiweza. Yesu anawajibu wawape chakula wao wenyewe. Wanaanza kupiga hesabu, eti itataka dinari mia mbili. Bajeti haitoshi! Mikate ilikuwa mitano na samaki wawili. Akawaketisha watu kwa vikundi vya mia mia na hamsini hamsini, wanaume tu walikuwa elfu tano, wakala wakashiba, na mabaki yakajaa vikapu kumi na viwili.

Alipokuwa na njaa yeye, alijizuia. Walipokuwa na njaa wengine, hakuwahubiria kujizuia hata kidogo. Aliwapanga vizuri akawalisha. Hapo ndipo kipimo chetu kilipo. Njaa yangu mimi ninaweza kuitolea sadaka, ni yangu. Njaa ya jirani yangu sina ruhusa ya kuitolea sadaka kwa niaba yake. Mchungaji anayefunga siku tatu kwa hiari yake tunamheshimu sana. Lakini familia isiyo na unga siku tatu haijafunga, imekosa, na kuiita hali hiyo mfungo ni dharau mbele za Mungu.

Kuna wanaotujibu kwamba wachungaji wanaogopa fujo, wanaogopa vijana wapige mawe, waumizwe, wakamatwe, kambi nzima ipate jina baya. Hofu hiyo tunaielewa, tena ni yetu pia. Sisi ndio tunaosimama na majaketi ya kujitolea katikati ya watu na meza siku ya ugawaji, na jiwe likirushwa linaanzia kwetu. Lakini tumeona kinachozaa fujo. Watu walioelezwa mapema na kusikilizwa, hata wakipewa jibu baya, wanaguna na kurudi nyumbani. Watu walioambiwa tu wawe wapole, mwezi baada ya mwezi, siku moja wanalipuka wote pamoja. Ukiziba mdomo wa sufuria inayochemka hujapunguza moto.

Na sisi vijana tusijifiche

Sasa tugeuke huku kwetu, maana kuna kosa la pili na hilo lina mashabiki wengi wenye umri wetu. Ni lile la kusema kiasi ni mambo ya walioshiba. Kwamba mtu aliyepoteza nyumba, shamba na wazazi ana haki ya kunywa, kubeti, kupiga, kulala na yeyote, kwa sababu maisha yalimwanza yeye. Tunaikataa hoja hiyo kwa nguvu ileile tuliyotumia huko juu.

Chukueni kubeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na bado vijana wa miaka kumi na saba wanatumia simu za kaka zao. Mtu anapokea pesa ya mgao asubuhi, kufika jioni imeingia kwenye tiketi ya mechi saba za Ulaya. Mechi sita zinakubali, ya saba inakataa, na yeye anasema, nilikaribia sana. Hukukaribia, ndugu yetu. Mashine ile imepangwa ili wewe ujisikie umekaribia. Mwenye kampuni hakukimbia vita, hakutembea usiku kuvuka mpaka, lakini unga wa wadogo zako umefika mezani kwake. Hapa kiasi hakimfurahishi mnyanyasaji yeyote. Kinamnyima chakula.

Waragi vilevile. Hatuna haja ya kuhubiri sana, kila kijiji kinajua nyumba ambazo watoto wanatoka nje usiku baba akirudi. Tunajua pia kwa nini wababa wanakunywa. Mtu aliyekuwa mwalimu, fundi, mwenye ng'ombe, leo anasubiri kuitwa kwa namba ya kadi. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini chupa haijawahi kumrudishia mtu ng'ombe wake, na mkono unaompiga mke haumpigi aliyechoma kijiji.

Halafu kuna simu. Hili ndilo tunaloliogopa kuliko yote. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilipoanguka, na Februari Bukavu, simu zetu zilijaa video za maiti, sauti za watu wanaolia, na maneno juu ya kabila fulani kwamba ndilo limefanya hivi. Ukumbuke hapa Nakivale watu wa makabila hayo yote wanachota maji kwenye bomba moja. Watoto wao wako kwenye darasa moja. Ukibonyeza kutuma bila kujua video ni ya mwaka gani wala ya nchi gani, umeleta vita ambayo wazazi wetu waliikimbia, umeileta kwa megabaiti ulizonunua mwenyewe. Yakobo, katika sura ya tatu ya barua yake, anafananisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Siku hizi ulimi uko kwenye kidole gumba.

Kiasi hapo ni dakika tatu tu: ngoja, uliza nani alirekodi, lini, wapi. Kama hujui, futa. Kama unajua ni kweli na ni ubaya uliotendwa, mpelekee mtu anayeweza kufanya kitu, usiutupe kwenye kundi la watu mia mbili saa sita ya usiku. Kijana anayeweza kukaa na hasira yake dakika tatu analinda uhai wa watu asiowajua. Mithali 16 inamweka mtu anayeitawala roho yake juu ya shujaa anayeteka mji. Tumeona miji ikitekwa. Hatujaona waliyoiteka wakiweza kujitawala.

Wasichana si breki zenu

Kuna jambo moja tuliseme kwa sauti kwa sababu linasemwa vibaya sana. Kwenye semina nyingi, somo la kiasi linaishia kwenye sketi ya msichana. Wavulana wanakaa nyuma wanacheka. Msichana anapewa kazi ya kushika breki za watu wengine.

Biblia haifanyi hivyo. Katika Mathayo 5 Yesu anaongea na anayetazama, anamwambia jicho lake likimkosesha aling'oe. Hamtumi akampime mwanamke urefu wa nguo. Na Yusufu kule Misri, Mwanzo 39, alikuwa mgeni kama sisi, tena mtumwa, aliyeuzwa na ndugu zake, hakuna mzazi wa kumwona. Angeweza kusema maisha yamenidhulumu acha nistarehe. Angeweza kusema mke wa bosi ndiye aliyenijaribu. Alikimbia, akaacha vazi lake mkononi mwa mwanamke, na akafungwa gerezani kwa uongo. Kiasi chake kilimgharimu yeye mwenyewe, hakumtwisha mtu. Kaka zetu, tukitaka kuitwa wanaume wa Mungu tuanzie hapo. Msichana anayekwenda kutafuta kuni ana haki ya kurudi salama akiwa amevaa chochote alicho nacho, na wengi hawana nguo za kuchagua.

Kiasi cha mwenye orodha

Tumalizie kwa wakubwa, maana huko ndiko somo halifiki. Paulo anapomwandikia Tito, anaanza na viongozi: askofu, asema katika sura ya kwanza, awe mtu anayejizuia, asipende divai wala faida ya aibu. Sura ya pili inaanza na wazee. Vijana tunatajwa baadaye. Huo ni mpangilio mzuri sana na tunaomba ufuatwe. Mzee wa kanisa akipokea mifuko miwili ya wageni wakati mjane ana nusu, asitupangie mahubiri ya Tito 2 kabla hajapita sura ya kwanza.

Na Nehemia, sura ya tano! Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka, wengine watoto wao wamekuwa watumwa wa wadeni. Nehemia anasikia kilio hicho na anakasirika sana. Hakuna mahali anaambiwa hasira hiyo ni dhambi. Anatulia, anafikiri moyoni mwake, halafu anawakabili wakubwa na kuitisha mkutano mkubwa, hadharani, na wanaahidi kurudisha mashamba. Kisha anaeleza mambo yake mwenyewe: miaka kumi na miwili akiwa gavana, hakula chakula ambacho gavana alistahili kulipwa, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Alikuwa na haki nacho, akakiacha. Hicho ndicho kiasi cha kiongozi. Hasira aliielekeza kwenye dhuluma, na kujinyima akakuelekeza kwake mwenyewe. Huku kwetu wengi wamegeuza: hasira inakuja kwetu, kujinyima kunakuja kwetu pia.

Wafanyakazi wa mashirika, hili linawahusu. Mwaka 2018 Uganda ililazimika kuhesabu upya wakimbizi wote kwa alama za vidole, baada ya tuhuma kwamba hesabu zimeongezwa. Idadi iliyokuwa inasemwa milioni 1.4 ikashuka karibu na milioni 1.1. Majina hewa hayali ugali, lakini kuna mtu anakula kwa majina hewa. Na tangu 2003 Umoja wa Mataifa una amri ya maandishi inayokataza mfanyakazi yeyote kubadilishana msaada au kazi kwa mwili wa mtu, iliyotoka baada ya ripoti za kutisha kutoka kambi za Afrika Magharibi. Amri ikiandikwa ujue jambo lilitokea. Tunawaheshimu wengi kati yenu, mnafanya kazi mpaka usiku, tunawaona. Ila mtu mwenye kalamu, kadi na gari ana majaribu ambayo sisi hatuna, na tunashangaa kwamba mafunzo ya kujitawala yanaletwa kwetu kwa chai na mandazi, na hatujawahi kualikwa tuwafundishe ninyi. Paulo alialikwa na Feliki. Tualikeni.

Kuna jambo lingine mlijue. Mtaalamu Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alijulikana kwa jaribio lake: mtoto anawekewa peremende moja laini, anaambiwa akingoja bila kula atapata ya pili. Watu wengi wakachukua jaribio hilo kama kipimo cha tabia ya mtoto. Lakini mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha jambo muhimu. Watoto 28 waligawanywa. Kundi moja lilikutana kwanza na mtu mzima aliyeahidi vifaa vizuri vya kuchora na akavileta. Kundi lingine liliahidiwa, halikuletewa. Ndipo peremende ikawekwa. Walioona ahadi ikitimizwa walingoja wastani wa dakika kumi na mbili. Waliodanganywa walingoja dakika tatu.

Someni tena hizo namba. Watoto wa pili hawakuwa wabovu. Walikuwa wamejifunza. Sasa chukueni kijana aliyeahidiwa karo ikakatwa mradi ulipoisha. Aliyeahidiwa mtaji wa ushonaji akapewa cheti na fulana. Familia iliyopata tarehe ya ndege ya kwenda Marekani, ikauza vitanda na masufuria, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kesho yake mnakuja na semina ya subira! Mkitaka tungoje, timizeni dogo mliloahidi. Na kama hamwezi, msiahidi. Ahadi ndogo iliyotimizwa inajenga kiasi kuliko semina kumi.

Tunachoomba

Wachungaji wetu, wababa na wamama wa imani, mkihubiri kiasi hubirini na haki siku hiyohiyo, kama Paulo. Mtu wa kundi lenu akienda kupeleka malalamiko, mmoja wenu aende naye, asimame kando yake.

Wafanyakazi wa mashirika, orodha zikibadilika semeni sababu kwa lugha tunayoelewa, kabla ya siku ya ugawaji, na semeni rufaa inapelekwa wapi na inajibiwa lini.

Sisi vijana, tuanze na vitu vitatu tulivyo navyo mkononi. Pesa ya mgao ifike nyumbani kabla haijafika kwenye kubeti. Video ya chuki iishie kwenye simu yako. Na kwenye foleni, atakayeongea aongee kwa ukweli, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, bila tusi na bila jiwe, na sisi wengine tusimwache peke yake. Tusi linawapa sababu ya kutotusikiliza. Ukweli uliopangwa vizuri hauwapi.

Wakitwambia tena tuwe na kiasi tutajibu ndiyo, tunacho, na ndicho kilichotuwezesha kusimama hapa saa saba bila kupiga mtu. Sasa tunauliza swali letu, kwa upole, na hatuondoki mpaka lijibiwe.

Mungu awabariki. Amina.